Bundi na Panya: Wasaidie Wawindaji wa Shambani Mwako

Leo tunakwenda Mtae, mwisho wa barabara ya milimani, ukishapita Magamba, Lukozi na Sunga. Wewe wa Mtae unapajua kwako. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, huku bonde na huku bonde, na chini kabisa ni nyika ya Mkomazi. Ukungu wa asubuhi ukishaondoka, unaona mbali mpaka macho yachoke. Lakini leo hatutazami mbali. Tunatazama miguuni, kwenye kishimo kidogo pale ulipopanda mbegu ya mahindi juzi. Mbegu haipo. Aliyeichukua ni panya.

Mazungumzo yetu ni juu ya panya, na juu ya viumbe wanaomla panya: bundi, kipanga, kicheche, kanu na nyoka. Tutaeleza kwa nini usiwaue ovyo, na namna ya kuwapa mahali pa kukaa shambani mwako. Tena tutasema ukweli juu ya kazi ambayo hawawezi kukufanyia, maana mkulima akidanganywa mara moja hasikilizi tena.

Mwindaji aliyepewa nchi

Kila mtoto wa Kisambaa amesimuliwa habari za Mbegha. Alitoka Ngulu na mbwa wake, akaja katika milima hii akiwinda nguruwe. Nguruwe walikuwa wakila mazao ya watu. Mbegha akawaua, nyama akawagawia wenyeji, na mwisho watu wakamweka kuwa mtawala wao kule Vugha. Fikiri jambo hilo, ndugu mkulima. Wazee wetu walimheshimu mwindaji kwa sababu aliokoa chakula shambani.

Basi leo wako wawindaji wengine wanaofanya kazi hiyo hiyo kila usiku katika shamba lako. Hawaombi mshahara, hawaombi hata maji. Nasi tunawalipa nini? Tunawapiga mawe, tunawakatia miti waliyolala, na mara nyingine tunawalisha sumu bila kujua. Hapo ndipo tunapokosea.

Mjue panya wa shamba

Panya anayeharibu mahindi zaidi katika nchi yetu ni yule panya shamba wa rangi ya kahawia, tumbo la kijivu, ambaye jike lake lina chuchu nyingi kuliko panya wengine. Hizo chuchu hazipo bure. Mimba yake ni siku 23 hivi tu, na kwa mara moja anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi. Mvua ikinyesha vizuri majani huota, mbegu za magugu hujaa, na panya naye huzaa. Mwaka ambao mvua za vuli ni nyingi na zimewahi, panya huanza kuzaa mapema, na msimu unaofuata wanaweza kufurika.

Panya hushambulia mahindi mara mbili. Mara ya kwanza ni katika siku za mwanzo baada ya kupanda, anapofukua mbegu na kula miche inayochipua. Mara ya pili ni mahindi yanapokomaa. Watafiti wamekisia kwamba katika Tanzania panya hupoteza kama 15 kwa mia ya mavuno ya mahindi. Maana yake, kati ya kila magunia 20 ambayo ungevuna, magunia 3 yamekwenda. Na mwaka wa mafuriko ya panya hasara huwa kubwa kuliko hiyo. Ukishavuna, anakufuata mpaka darini.

Panya na tauni

Kwa watu wa Lushoto panya si jambo la chakula peke yake. Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka katika wilaya hii, na kuanzia hapo ukawa ukirudi karibu kila mwaka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika muda huo watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 500 walifariki. Walioumia zaidi ni akina mama na watoto. Wazee wengi milimani wanakumbuka vizuri.

Tauni ni ugonjwa wa panya kwanza. Kiroboto humnyonya panya mgonjwa, panya anakufa, na kiroboto aliyebaki na njaa hutafuta damu nyingine. Akimpata mtu aliyelala chini sakafuni, karibu na mahindi yaliyorundikwa, humwuma huyo. Baada ya siku chache mtu anashikwa na homa kali ya ghafla, kichwa kinauma, na mitoki inavimba kwenye kinena, kwapani au shingoni. Akiwahi zahanati siku ile ile, dawa zipo na anapona. Akichelewa, hatari ni kubwa sana.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kupunguza panya ni kulinda ghala na kulinda watoto pia.

Wawindaji wako ni hawa

Tuanze na bundi. Wako bundi wa namna nyingi, lakini rafiki mkubwa wa mkulima ni yule mweupe chini, mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayependa kukaa katika mapango ya miti, magofu na paa za majengo makubwa. Chakula chake kikubwa ni panya. Humsikia panya akitembea katika majani makavu, hata kama giza ni totoro. Anapokuwa na makinda, dume na jike huwinda usiku kucha.

Labda utasema, "Nitajuaje kwamba anakula panya na si kuku wangu?" Ushahidi ni rahisi kuupata. Bundi humeza panya mzima. Baadaye hutapika manyoya na mifupa, vikiwa vimeshikamana kama kidonge kikubwa cha rangi ya kijivu. Nenda chini ya mti anapolala, chukua kijiti, uvunje kidonge kimoja. Usitumie vidole, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Ndani utakuta mafuvu madogo yenye meno marefu ya mbele. Hayo ni meno ya panya. Yahesabu, kisha uamue mwenyewe kama huyo ndege ni adui yako.

Mchana kazi hiyo hufanywa na vipanga. Milimani kwetu kuna kipanga mkubwa mwenye tumbo jeupe na mkia wa rangi ya kutu, anayependa kukaa juu ya nguzo au mti mkavu akitazama chini. Kuna na mdogo, mweupe na kijivu, mwenye macho mekundu. Huyu hupigapiga mabawa akiwa amesimama hewani mahali pamoja, halafu hushuka ghafla kama jiwe. Chakula chake hasa ni panya.

Ardhini wako kicheche, kanu na nguchiro. Wako na nyoka wala panya, na baadhi yao hawana sumu kabisa. Hata hivyo hatukushauri umshike nyoka yeyote, wala umwache akae nyumbani. Nyoka wa shambani aliye mbali na njia za watu, anayekwenda zake, mwache aende.

Sasa tusifichane. Kanu anaweza kuiba kuku, na kipanga mkubwa anaweza kumchukua kifaranga. Dawa yake ni banda. Kuku wakilala katika banda lililofungwa vizuri, na vifaranga wakilindwa mpaka wakue, hasara hiyo karibu inakwisha. Kumwua kanu kwa ajili ya kuku mmoja, halafu panya wakala gunia zima, hiyo siyo hesabu nzuri.

Juu ya imani ya bundi

Tunajua kwamba watu wengi, huko Usambara na pwani na bara pia, husema bundi akilia juu ya paa analeta msiba. Hatuji kuwacheka wazee. Lakini hebu fikiri pamoja nasi. Bundi hufuata panya. Nyumba yenye mahindi darini ina panya wengi, na bundi atakuja hapo. Katika miaka ya tauni, nyumba yenye panya wengi ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ugonjwa. Basi huenda aliyesikia sauti ya bundi kisha akapata msiba alikuwa akisikia habari za panya wake. Bundi hakuleta kifo, alikuja kumwinda aliyekileta. Siku nyingine ukimsikia, usiokote jiwe. Chukua taa ukatazame darini mna nini.

Je, bundi peke yake anatosha?

Hapana, hatoshi. Watafiti wa Denmark na Ubelgiji, wakiwa Morogoro, walilijaribu jambo hili katika mashamba ya mahindi, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2006. Mashamba mengine waliyafunika kwa nyavu ili ndege wasiingie. Mengine waliyaacha kama yalivyo. Mengine waliyawekea nguzo za ndege kutua na masanduku ya bundi. Walichoona ni kwamba nguzo na masanduku peke yake havikutosha kuwashinda panya. Sababu moja kubwa ni kwamba panya huhama. Wakipungua kwako, wengine wanatoka kwa jirani na kuziba nafasi. Na jinsi panya anavyozaa, bundi hawezi kuifikia mbio hiyo akiwa peke yake.

Je, tukate tamaa? Hapana. Hapa tunajifunza mambo mawili. Jambo la kwanza, wawindaji ni wasaidizi, na msaidizi hafanyi kazi ya mwenye shamba. Jambo la pili, kazi ya panya haifanywi na mtu mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Inafaa kilima kizima kifanye pamoja, tangu mgongoni mpaka bondeni.

Sasa, tufanye nini?

Kumbuka kanuni hii: juu pawe na makao, chini paonekane. Bundi na kipanga wanahitaji miti ya kukaa, tena wanahitaji kumwona panya. Panya yeye anataka magugu marefu na takataka za kujificha. Mpe mwindaji anachotaka, mnyime panya anachotaka.

Kwanza, acha miti. Mti mkubwa wa zamani wenye pango, kama mshai au mkuyu, usiukate kwa sababu tu hauna mbao nzuri. Ukiwa mpakani au kwenye korongo, uache usimame. Pango la mti huchukua miaka mingi kupatikana, na shoka hulimaliza kwa asubuhi moja. Panda na migrevilea mipakani. Itakupa kuni, nguzo na mbao, na vipanga watapata pa kutua.

Pili, tunza mistari ya majani kwenye kontua. Tangu mwaka 1981 mradi wa kuhifadhi udongo wa Lushoto, uliojulikana kwa jina la SECAP, uliwafundisha wakulima kupanda majani ya Guatemala na miti kwa kufuata kontua ili kuzuia mmomonyoko. Mistari hiyo ni mizuri sana, usiing'oe. Lakini ikiachwa ikawa kichaka, panya hufanya makao ndani yake. Kata majani mara kwa mara ulishe ng'ombe bandani. Udongo unakaa, ng'ombe anashiba, na panya anakosa pa kujificha. Ua wa tughutu nao upunguze. Majani yake ni mbolea ya kijani. Watafiti na wakulima wa Kwalei, huko huko Lushoto, waliyatumia pamoja na mbolea ya Minjingu katika maharage na wakapata faida.

Tatu, simika nguzo. Mahali pasipo na miti, chukua mti mwembamba wa mita 3 au 4, upigilie kipande cha mti kwa juu kama msalaba, usimike kati ya shamba kabla ya kupanda. Ndege atatua hapo mchana na usiku. Gharama yake ni jasho lako tu.

Nne, ukipenda tengeneza sanduku la bundi. Tumia mbao za kawaida. Urefu uwe kama sentimita 60, upana na kimo kama sentimita 40. Mlango uwe wa sentimita 15 hivi kila upande, uwe juu kidogo ya sakafu ili makinda wasianguke. Toboa vitundu vidogo chini ili maji yatoke. Litundike mita 4 au zaidi kutoka ardhini, mlango usielekee upande wa mvua, na liwe mbali kidogo na nyumba. Kisha usichungulie kila siku. Bundi hapendi kusumbuliwa, na huenda ukangoja muda mrefu kabla hajaja.

Tano, angalia sana sumu. Hapa ndipo tunapowaua wawindaji wetu wengi. Ziko sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Panya aliyekula hafi mara moja. Huzunguka siku kadhaa akiwa dhaifu, na bundi humkamata kwa urahisi. Hapo sumu inahamia kwa bundi. Kwa hiyo usitumie sumu bila ushauri wa bwana shamba au bibi shamba. Usinunue unga usio na jina wala maelezo. Usichanganye dawa ya nyanya au kabichi na mahindi ili kuua panya, maana unaweza kuua mtoto au mbwa. Ikibidi kutumia sumu, iweke ndani ya kipande cha mwanzi au mahali palipofunikwa, na kila panya aliyekufa mfukie chini sana. Wakati wa kawaida mitego ni bora kuliko sumu, ikitegwa na watu wengi kila siku.

Sita, pandeni pamoja. Mkipanda kwa wiki moja kilima kizima, panya wanapata chakula kingi kwa siku chache tu, na kila mmoja wenu anapoteza kidogo. Anayepanda peke yake mapema au kwa kuchelewa ndiye atakayewalisha panya wa kijiji kizima. Palilia mapema, na baada ya kuvuna usiache mahindi yaliyoanguka.

Saba, toa mahindi ndani ya nyumba. Jenga ghala lililoinuliwa mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvishe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, ili panya asipande. Kama huna uwezo wa kujenga ghala, tumia pipa au chombo kinachofungwa. Watoto walale kitandani, wasilale chini. Paka naye asilale na watoto, kwa sababu huweza kupata tauni kwa panya na kuileta kitandani.

Onyo kubwa

Ndugu mkulima, sikiliza hili kwa makini. Ukiona panya wanakufa ovyo wenyewe, nyumbani au shambani, usifurahi. Hiyo inaweza kuwa dalili ya tauni. Usiwashike kwa mkono, waondoe watoto, na upeleke habari siku ile ile kwa ofisi ya kijiji na zahanati. Wakati huo usianze kutega wala kutia sumu. Panya akifa, viroboto wake huhama kutafuta mtu. Wataalamu wa afya huua viroboto kwanza kwa dawa yao, ndipo panya hufuata. Atakayeanza na panya amejiletea viroboto mwenyewe.

Tumalizie hapa

Wazee wa Kisambaa wana maneno mawili juu ya nchi. Kuna kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuna kuzifya shi, yaani kuiponya. Zamani walisema hayo juu ya watawala na mvua. Leo jambo hilo liko mikononi mwako pia. Ukikata mti wa mwisho wenye pango, ukatupa sumu ovyo, ukarundika mahindi juu ya vichwa vya watoto, umebana shi. Ukiacha mti, ukafyeka magugu, ukainua ghala na kukubaliana na jirani siku ya kupanda, umezifya shi.

Katika mkutano ujao wa kijiji zungumzeni mambo matatu tu: wiki ya kupanda pamoja, miti yenye mapango ambayo haitakatwa, na mahali pa kupeleka habari panya wakianza kufa. Hayo yanatosha kwa kuanzia. Na usiku wa leo ukimsikia bundi kule mpakani, lala salama. Kuna mtu zamu shambani.